Mkataba wa roketi usomwe Ngomeni kabla ya kutiwa saini

Kwa Waziri wa Ulinzi, kwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Anga za Juu la Kenya, kwa Wabunge, na kwa Gavana na Bunge la Kaunti ya Kilifi.

Waheshimiwa,

Nawaandikia juu ya mkataba ambao bado haujaandikwa. Ukishatiwa saini nitakuwa nimechelewa, na nyinyi pia.

Kwa miaka kadhaa serikali imekuwa ikisema kwamba Kenya inatamani kituo chake cha kurushia roketi, na kila mazungumzo hayo yanapozuka, pwani yetu ya kaskazini hutajwa. Si ajabu. Dunia hujizungusha kuelekea mashariki, na aliyesimama kwenye ikweta husafirishwa nayo kwa mwendo wa karibu kilomita 1,670 kwa saa bila kuinua mguu. Roketi inayoondoka huku kuelekea mashariki huanza safari ikiwa imeshapewa mwendo huo bure. Ili kuizunguka dunia bila kuanguka inahitaji kufikia kilomita 28,000 kwa saa hivi, kwa hiyo zawadi yenyewe si kubwa kama wapigadebe wanavyodai, lakini katika biashara ambamo kila kilo ya mafuta hula nafasi ya kilo ya mzigo, ni faida. Halafu mbele yetu ni bahari tupu. Tupu, yaani, ukiitazama kwenye ramani ukiwa Nairobi. Nitarudi hapo.

Sizipingi roketi. Mtu wa Ngomeni, kijiji chetu cha pwani ya Magarini, atazipinga vipi? Yale majukwaa ya chuma yaliyosimama ndani ya maji ya Ghuba ya Ungwana yaliletwa na Luigi Broglio, mhandisi na jenerali wa jeshi la anga la Italia: San Marco la kurushia, Santa Rita la kuongozea. Kati ya Aprili 1967 na Machi 1988 roketi za Kimarekani aina ya Scout zilipaa kutoka pale zikibeba setilaiti. Tarehe 12 Desemba 1970, Sikukuu ya Jamhuri, ilipaa ile iliyopewa jina la Uhuru, setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miali ya eksirei itokayo angani. Iliorodhesha vyanzo 339 vya miali hiyo, na vipimo vyake vya kimojawapo, Cygnus X-1, viliwafanya wanasayansi waanze kuamini kwamba mashimo meusi yapo kweli, si hesabu za kwenye karatasi tu. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi ile, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Yote hayo yalipaa kutoka kwenye maji yetu.

Lakini yale yalikuwa mambo ya serikali kwa serikali, na hata hivyo maswali kuhusu Kenya inapata nini hayakukoma Bungeni hadi mkataba na Italia ukajadiliwa upya na kutiwa saini mwaka 2016. Wanaobisha hodi siku hizi ni watu wa aina nyingine. Ni wafanyabiashara wanaounda roketi kwa fedha zao, za marafiki zao na za benki, wanaotafuta mahali pa kurushia pasipo na foleni na pasipo na masharti mengi. Na mtu wa namna hiyo anapoingia ofisini kwenu, huja na hadithi moja.

Hadithi yenyewe ni ya SpaceX. Elon Musk aliianzisha mwaka 2002. Roketi yake ya kwanza, Falcon 1, ilirushwa kutoka kisiwa kidogo cha Omelek katika Visiwa vya Marshall. Ikashindwa Machi 2006, ikashindwa Machi 2007, ikashindwa tena Agosti 2008. Ya nne, Septemba mwaka huohuo, ikafika. Kabla ya mwaka kwisha NASA, shirika la anga la Marekani, ikaipa kampuni mkataba wa dola bilioni 1.6 wa kupeleka mizigo kwenye kituo cha anga cha kimataifa. Kisha mgeni humalizia: kwa hiyo, Mheshimiwa, nivumilie, hata yule alianguka mara tatu.

Ni hadithi ya kweli. Asichowasimulia mgeni wenu ni habari za walioanguka wasiinuke, na hao ndio wengi. Andrew Beal, tajiri wa benki wa Texas, aliifunga kampuni yake ya roketi mwaka 2000. XCOR, iliyokuwa imehamia Midland, Texas, ilifilisika mwaka 2017. Virgin Orbit ya Richard Branson ilijaribu Januari 2023 kurusha kutoka Cornwall, Uingereza, roketi iliyoning'inizwa chini ya bawa la ndege kubwa. Kichujio cha mafuta kikachomoka mahali pake, setilaiti tisa zikapotea, na ilipofika Aprili kampuni ilikuwa mahakamani kwa ufilisi. Serikali ya Uingereza na baraza la Cornwall walikuwa wametia fedha za umma katika kituo kile. Huko New Mexico, Marekani, walipakodi walijenga Spaceport America kwa zaidi ya dola milioni 200, kaunti mbili maskini zikapiga kura kujiongezea kodi ya mauzo, wakimsubiri Branson huyohuyo awarushe watalii. Jengo lilizinduliwa mwaka 2011. Yeye mwenyewe alipaa kutoka hapo Julai 2021.

Simcheki yeyote kati ya hawa. Kuunda chombo cha kwenda angani ni kazi ngumu kuliko karibu kazi zote anazoweza kuzifanya mtu kwa fedha zake, na kushindwa kumo ndani yake. Ninachouliza ni nani anayebaki pale baada ya kushindwa.

Ningeanza na jirani, kwa sababu jambo hili si geni katika nchi za Waswahili kama tunavyojidanganya. Kampuni binafsi ya kwanza duniani kujaribu kuunda roketi za biashara za kupeleka setilaiti haikuwa ya Marekani. Iliitwa OTRAG, ilikuwa ya Wajerumani, na roketi zake za kwanza zilirushwa Zaire, yaani Kongo ya leo, katika jimbo la Shaba, yaani Katanga, ambako watu huamkiana kwa Kiswahili.

Mwanzilishi wake, Lutz Kayser, alikuwa na wazo ambalo hata leo siwezi kulidharau. Badala ya kujenga roketi moja kubwa ya thamani, alitaka kuchukua mabomba membamba ya aina moja, yaliyo rahisi kutengeneza kiwandani, na kuyafunga pamoja kwa makumi au mamia kadiri ya uzito wa mzigo. Vali za mafuta zilifunguliwa na mota za waipa za magari. Watu walicheka, lakini mwenyekiti wa kampuni alikuwa Kurt Debus, aliyekuwa mkurugenzi wa kwanza wa kituo cha kurushia roketi cha Kennedy kule Florida, kwa hiyo hawakuwa wahuni. Fedha zilitoka kwa wawekezaji wadogo wa Ujerumani Magharibi waliovutiwa, pamoja na mengine, na nafuu ya kodi.

Katikati ya miaka ya 1970 Rais Mobutu wa Zaire akawapa eneo la kilomita za mraba 100,000. Kwa kulinganisha, kaunti yetu ya Kilifi ingeingia humo karibu mara nane. Mkataba uliwapa haki juu ya ardhi hiyo hadi mwaka 2000, na haki hizo zilikuwa pana mno, ikiwemo ya kutaka wakazi waondolewe. Wananchi hawakuusoma mkataba huo. Uliposomwa ulikuwa umeshavujishwa kwa magazeti ya nje, na hapo dunia nzima ikaanza kusema mengine: kwamba Wajerumani wanatengeneza makombora Afrika, kwamba ni siri ya kijeshi. Urusi ikapiga kelele, Ufaransa haikupenda, majirani wakaingiwa na hofu. Roketi ya kwanza ilipaa Mei 1977, ya pili Mei 1978. Ya tatu, Juni 1978, Mobutu alikuwepo kuitazama, na ikashindwa mbele ya macho yake. Aprili mwaka uliofuata akawafukuza. Kampuni ikahamia Libya kwa Gaddafi, na mambo hayakuwa bora huko.

Nimewasomea habari hii kwa urefu kwa sababu ya jambo moja. Ninavyoona, kilichoiangusha OTRAG zaidi ya ile roketi ya tatu ni mkataba wa siri. Kama masharti yangekuwa wazi tangu mwanzo, kama eneo lingekuwa la kadiri, kama watu wa kule wangeulizwa, uvumi wa makombora usingepata mahali pa kuota. Siri haikumlinda mwekezaji wala Zaire. Na kwa wakazi wa kando ya mto Luvua, ambao ndio walioishi ndani ya zile kilomita 100,000, sijapata kuona hesabu yoyote ya walichopewa.

Sasa nije kwenye fani yangu. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimefanya bima ya mizigo Mombasa, na kazi hiyo humzoesha mtu kusoma mkataba kuanzia nyuma, kwenye vifungu vinavyosema ni nani asiyelipa na wakati gani. Ukisoma mikataba ya anga kwa namna hiyo, utakuta kitu ambacho sijasikia kiongozi wetu hata mmoja akikitaja jukwaani.

Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unasema kwamba dola ndiyo inayowajibika kwa shughuli za anga za taifa lake, hata zikifanywa na kampuni binafsi. Mkataba wa Dhima wa 1972 unaongeza: nchi ambayo chombo kimerushwa kutoka ardhi yake au kituo chake huhesabiwa kuwa miongoni mwa warushaji, na chombo hicho kikidhuru watu au mali juu ya ardhi, au ndege iliyoko safarini, nchi hiyo hulipa bila anayedai kulazimika kuthibitisha uzembe. Kenya imo katika mikataba yote miwili. Kama nchi zinazohusika ni mbili, tuseme Kenya na nchi ya mwenye kampuni, aliyeumizwa anaweza kudai fedha zote kutoka kwa yoyote kati yao, nao wakagombane baadaye.

Elezeni jambo hili kwa Kiswahili chepesi na kila mvuvi ataelewa. Kampuni inaweza kufilisika Jumatatu, na mwenyewe akasajili nyingine Jumatano kwa jina jipya. Jamhuri ya Kenya haiwezi. Roketi ikipaa kutoka Ngomeni, kipande chake kikaangukia shule Shelisheli au hoteli Maldivi, atakayepigiwa simu ni Wizara yetu ya Mambo ya Nje, na atakayelipa ni mwanafunzi anayesubiri mkopo wa chuo na mgonjwa anayesubiri dawa Malindi.

Mtasema natia chumvi. Januari 1978 setilaiti ya Kisovieti iliyobeba mtambo wa nyuklia, Cosmos 954, ilianguka kaskazini mwa Kanada na kutapanya mabaki yenye sumu. Kanada ilidai takriban dola milioni sita za kwake, na mwaka 1981 Wasovieti wakakubali kulipa tatu. Januari 2025 roketi kubwa ya Starship ya SpaceX ilisambaratika angani baada ya kuondoka Texas, vipande vikaangukia visiwa vya Turks na Caicos, na ndege za abiria zikalazimika kugeuza njia. Watu wa visiwa vile hawakuwa wameomba lolote. Sisi wenyewe tumeshaonja: tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi iliangukia kijiji cha Mukuku, Makueni. Nyinyi wa Shirika la Anga za Juu mlifika, mkaichukua, mkatuambia ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Wataalamu wa nje wakabishana ni roketi gani. Kwa bahati hakuna aliyeumia. Basi fikirieni kibao kikigeuka, na wanaokaa wakiuliza pete hii ni ya nani wawe watu wa nchi nyingine, na jibu liwe ni yetu.

Marekani, yenye uzoefu kuliko wote, haimpi kampuni leseni ya kurusha kabla haijakatia bima madhara ya watu wengine, kwa kiwango kinachokadiriwa kulingana na hatari, hadi dola milioni 500. Nawaomba kifungu cha namna hiyo kiwe ndani ya sheria, si ndani ya mkataba. Mkataba hurekebishwa ofisini siku ya Ijumaa jioni. Sheria lazima irudi Bungeni. Na bima hiyo iwe na kampuni ya bima inayojulikana, yenye cheti kinachoonyeshwa, si barua ya ahadi ya kampuni mama iliyosajiliwa kisiwani kusikofikika. Nimeziona barua za namna hiyo kwenye mizigo ya kawaida ya meli, na sitaki kuwaeleza zilivyoishia.

Nilisema nitarudi kwenye ile bahari tupu.

Ghuba ya Ungwana si tupu. Ni moja ya sehemu bora za kamba na samaki katika pwani yote ya Kenya, na ugomvi wa wavuvi wadogo na meli kubwa za kukokota nyavu humo mnaujua. Kusi ikishika, bahari huchafuka na vyombo vidogo hubaki karibu na ufuo. Kaskazi ndiyo msimu wa kutoka, miezi ile ya Desemba hadi Machi maji yanapotulia na mtu akaweza kwenda mbali na kurudi na kitu. Sasa mwulizeni mhandisi wa roketi angependelea kurusha lini. Atataka upepo mdogo, mawingu machache, bahari iliyotulia ili meli zake za ulinzi na za kuokota mabaki zifanye kazi. Anautaka msimu uleule.

Kabla ya roketi kuondoka, eneo kubwa la bahari hufungwa kwa saa kadhaa. Hilo linaeleweka, hakuna anayetaka mwanawe awe chini ya chuma kinachoanguka. Lakini roketi haziondoki kila zinapopangwa. Huahirishwa kwa upepo, kwa vali inayovuja, kwa namba moja kwenye kompyuta isiyokaa sawa. Hata Taifa-1, setilaiti yetu iliyobebwa na Falcon 9 kutoka California tarehe 15 Aprili 2023, iliahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa, na sisi huku tukakaa asubuhi mbele ya simu tukisubiri. Kila inapoahirishwa, bahari iliyokuwa imefungwa hufungwa tena kesho, na keshokutwa. Mwenye mashua ya injini anaweza kuzunguka. Mwenye mtumbwi wa tanga hazunguki popote. Siku yake imekwisha. Katika taarifa ya kampuni siku ile itaitwa siku ya kuahirishwa, wala haitaingia hesabuni kwa kuwa hakuna kilichoruka. Nyumbani kwa mvuvi ni siku isiyo na kitoweo.

Kwa hiyo malipo yahesabiwe kwa siku ambayo bahari imefungwa, si kwa roketi iliyoruka. Kiwango kikubaliwe mapema na BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia fuo, za Ngomeni na fuo za jirani, fedha ziwekwe benki kabla ya msimu kuanza, na orodha ya wavuvi iwe ile ya BMU wenyewe. Tafadhali isiwe orodha iliyoandikwa na chifu wiki ya malipo. Wake kwa waume wanaouza na kukaanga samaki waingie pia, maana chombo kisipotoka nao hawana cha kutia mafutani.

Kuhusu ardhi sitasema mengi, kwa kuwa Magarini tumeshasema sana. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuja kusikiliza malalamiko ya wananchi dhidi ya viwanda vya chumvi na kutoa ripoti yake mwaka 2006. Isomeni kabla ya kuchora ramani yoyote. Na ardhi ikiwa ni ya jumuiya, Sheria ya Ardhi ya Jumuiya ya mwaka 2016 inasema wazi kwamba makubaliano na mwekezaji hayana nguvu mpaka theluthi mbili ya watu wazima wa jumuiya wayapitishe katika mkutano ulioitwa kwa ajili hiyo. Roketi haijasamehewa katika sheria hiyo.

Msidhani naomba kisichowezekana. Peter Beck wa Rocket Lab, mtu wa New Zealand, alitafuta pwani iliyo wazi akaipata rasi ya Mahia. Ardhi anayorushia ni sehemu ya shamba la Onenui, mali ya shirika la wamiliki Wamaori liitwalo Tawapata South. Wao hawakuhamishwa, ndio wenye nyumba, na kampuni ni mpangaji wao. New Zealand haikuwa na sheria ya anga. Ilipoona kampuni imekaribia kurusha kweli, Bunge likatunga, ikaanza kutumika Desemba 2017, mwezi mmoja kabla ya roketi ya Electron kufika angani na kubaki huko kwa mara ya kwanza. Sheria ile inahitaji leseni, inampa waziri uwezo wa kudai bima na kinga ya fedha, na inamruhusu kukataa. Mwekezaji hakukimbia. Sheria iliyo wazi ilimpa hata kitu cha kuwaonyesha wateja wake na benki zake. Sisemi kila kitu kimekaa vizuri. Wapo wa Mahia waliolalamikia mizigo ya kijeshi ya Marekani inayorushwa kutoka kwao, na hilo nalo linatupa swali la kuuliza mapema: setilaiti za nani, na za kazi gani?

Mtaambiwa hakuna wakati. Mtakumbushwa kwamba Januari 2023 Djibouti ilitia saini makubaliano ya awali na kampuni ya Hong Kong ya kujenga kituo cha dola bilioni moja huko Obock, kwa ukodishaji wa miaka 35 au zaidi, na kwamba Waturuki wanataka kurusha kutoka Somalia. Nimekaa upande wa pili wa meza nyingi za biashara, na sijapata kuona mtu anayekuhimiza utie saini leo ambaye kesho hakuwa tayari kuongeza kitu. Ikweta haihamishwi. Mtu aliyetafuta ikweta yenye bahari mashariki, bandari karibu, barabara ya lami, umeme na nchi yenye wahandisi, ana mahali pachache pa kwenda.

Na wahandisi tunao. Pale Chuo Kikuu cha JKUAT vijana wa mradi wa Nakuja wanaunda roketi ndogo kwa mikono yao. Kampuni ya Kenya ya SayariLabs walishiriki kuitengeneza Taifa-1 kwa mradi uliogharimu shilingi milioni 50 hivi, pamoja na kampuni ya Bulgaria. Chuo Kikuu cha Nairobi kilitoa setilaiti yake ndogo mwaka 2018. Hao nao ni wajasiriamali wa anga, au watakuwa, wakipata pa kujaribia injini bila kuzungushwa ofisi kwa ofisi. Ikiwa mgeni atapewa kipande cha pwani, sehemu ya jukwaa la kujaribia iwe yao kwa mujibu wa mkataba, na nafasi za kazi zitajwe kwa vyeo: wahandisi wa injini, wa umeme, wa usalama wa mafuta. Neno "ajira kwa wenyeji" peke yake tunalijua. Hutoa walinzi wa lango na wafyekaji nyasi.

Haya yote ninayoyaomba yanategemea tendo moja ambalo halina gharama. Rasimu ya mkataba wowote wa kituo cha kurushia roketi ichapishwe nzima, pamoja na viambatisho, kwa Kiswahili na Kiingereza, siku 90 kabla ya kutiwa saini. Ikiwa kuna kifungu cha usalama wa taifa ambacho lazima kifichwe, kiandikwe kwamba kuna kifungu kimefichwa hapa, na kamati ya Bunge ikione.

Kisha mje wenyewe kuusoma. Msitualike Malindi kwenye hoteli, mkatoa posho na chai na kupiga picha. Wanaohudhuria mikutano ile ni walewale. Njooni Ngomeni, kwenye uwanja karibu na bandari ya samaki. Msije asubuhi wakati wa kaskazi, mtakuta wazee na watoto tu. Njooni Ijumaa baada ya swala, vyombo vingi vikiwa vimepumzika, na mje na mtu wa bima, mtu wa sheria na mhandisi atakayejibu kwa Kiswahili. Tutakuwa na maswali ya kutwa nzima, kwa hiyo waambieni madereva wasiache injini zikinguruma.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mzaliwa wa Ngomeni, mstaafu wa bima
Magarini, Kaunti ya Kilifi